SURA YA 7: UJERUMANI MAGHARIBI BAADA YA VITA: SIASA ZA WASTANI NA UCHUMI WA SOKO, 1945–1957

Ukimaliza sura hii utaweza:
(a) kueleza hali ya Ujerumani kati ya mwaka 1945 na 1948;
(b) kufafanua maana ya siasa za wastani na uchumi wa soko unaojali jamii;
(c) kueleza hatua zilizofufua uchumi wa Ujerumani Magharibi;
(d) kutathmini sababu za ufufuo huo na gharama zake.

Mada hii huonekana rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo. Ni rahisi kujibu kwa sentensi moja: Marekani ilitoa fedha, Ujerumani ikainuka. Sentensi hiyo si uongo, lakini haitoshi, kwa sababu zipo nchi zilizopewa fedha nyingi zaidi na hazikukua kwa kasi ile. Swali lenyewe ni hili: nchi iliyotoka kwenye udikteta, iliyojaa wakimbizi na watu wasio na kazi, iliwezaje kuachia bei na biashara bila wananchi wake kurudi tena kwenye vyama vya msimamo mkali? Isome sura yote ukiwa na swali hilo kichwani.

1. HALI ILIVYOKUWA, 1945–1948

Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei 1945. Nchi iligawanywa katika kanda nne chini ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti. Jiji la Berlin nalo liligawanywa vivyo hivyo. Zingatia mambo manne.

(i) Uharibifu. Miji mikubwa ilikuwa vifusi na reli na madaraja vilikatika. Hata hivyo, mabomu yaliharibu nyumba na njia za usafiri kuliko mashine. Viwanda vingi vilikuwa bado na mitambo, na mafundi wenye ujuzi walikuwepo. Shika hoja hii, utaihitaji baadaye.

(ii) Wakimbizi. Wajerumani waliofukuzwa kutoka maeneo ya mashariki waliingia kwa mamilioni. Kufikia mwaka 1950 takriban milioni 8 kati yao walikuwa Ujerumani Magharibi, wengi bila nyumba wala kazi.

(iii) Njaa. Chakula kilitolewa kwa mgao wa kadi. Majira ya baridi ya 1946 kuingia 1947 yalikuwa makali mno, na mijini watu walikosa chakula na makaa ya mawe.

(iv) Fedha isiyo na thamani. Serikali ya Hitler ilizuia bei zisipande tangu mwaka 1936, huku ikichapisha noti kulipia vita. Baada ya vita fedha ilikuwa nyingi, bidhaa chache, na bei za serikali zilibaki zilezile. Mwenye bidhaa hakuona sababu ya kuiuza kwa bei halali, akaificha. Biashara ikahamia kwenye magendo, ambako sigara ilitumika kama fedha.

Ukitaka kuielewa hoja ya nne, waulize babu na bibi zako kuhusu Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: bei zilikuwa za kupangwa, rafu za maduka zilikuwa tupu, na sukari ilipatikana kwa mlanguzi. Nchi ni tofauti na sababu ni tofauti, lakini kanuni ni ileile. Bei ikiwa chini sana kuliko thamani ya kitu, kitu hicho hupotea dukani.

2. MANENO YA MSINGI

Siasa za wastani ni siasa zinazokataa misimamo mikali ya pande zote. Wapinzani hushindana kwa kura, hukubali matokeo, na huacha nafasi ya kuafikiana. Hazina maana ya kukosa msimamo, wala hazina maana kwamba vyama vyote viunde serikali moja.

Uchumi wa soko unaojali jamii ni mfumo ambao bei, uzalishaji na biashara huamuliwa na soko lenye ushindani, wakati serikali inasimamia kanuni za ushindani, inalinda thamani ya fedha na inawasaidia walioshindwa kujimudu. Jina hilo lilianzishwa na mchumi Alfred Müller-Armack. Aliyelipeleka serikalini ni Ludwig Erhard.

Tofautisha mfumo huu na soko holela ambalo serikali imekaa pembeni. Utofautishe pia na uchumi wa mpango, ambao serikali ndiyo inayoamua nini kizalishwe na kwa bei gani. Mfumo wa mpango ndio uliofuatwa upande wa mashariki chini ya Umoja wa Kisovieti.

3. NJIA YA KUELEKEA KATIKATI

Wanasiasa wa mwaka 1945 walikuwa wameiona jamhuri yao ya kwanza ikianguka. Mwaka 1923 mfumuko wa bei uliteketeza akiba za watu. Mwaka 1932 wasio na kazi walifika karibu milioni 6. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akateuliwa kuwa chansela. Somo lilikuwa wazi kwao kwamba uchumi ukivunjika, wananchi hukimbilia misimamo mikali. Walijibu kwa njia tatu.

(a) Vyama vipana. Chama cha CDU kilianzishwa mwaka 1945 na kuwaunganisha Wakatoliki na Waprotestanti, ambao zamani walikuwa na vyama tofauti. Kiongozi wake, Konrad Adenauer, aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa meya wa Köln hadi utawala wa Hitler ulipomwondoa mwaka 1933. Usidhani chama hiki kilipenda soko tangu mwanzo. Mpango wake wa Ahlen wa Februari 1947 ulisema ubepari umeshindwa, na ukataka viwanda vikubwa kama vya makaa ya mawe viwe chini ya umma. Ni Julai 1949 tu, baada ya kuona maduka yamejaa, ndipo chama kilipoweka uchumi wa soko katika sera zake.

(b) Upinzani mwaminifu kwa demokrasia. Chama cha SPD kiliongozwa na Kurt Schumacher, aliyefungwa karibu miaka 10 katika kambi za Hitler. Alitaka uchumi wa mpango na utaifishaji wa viwanda vikubwa, na alimpinga Adenauer vikali. Lakini aliwapinga wakomunisti vilevile, na alipigana kwa kura bungeni. Mwaka 1953 bunge lilipoidhinisha makubaliano ya kuilipa Israeli mark bilioni 3 kama fidia kwa mateso ya Wayahudi, baadhi ya wabunge wa serikali walisita. Kura za SPD ndizo zilizoyapitisha.

(c) Katiba yenye kinga. Sheria ya Msingi ilitangazwa tarehe 23 Mei 1949. Bunge haliwezi kumwondoa chansela kwa kumkataa tu. Ni lazima kwa kura hiyohiyo limchague mwingine wa kushika nafasi yake. Kuanzia uchaguzi wa 1953, kwa kawaida chama kilihitaji asilimia 5 ya kura za nchi nzima ili kiingie bungeni. Katiba hiyo pia inalinda mali binafsi, lakini inasema mali ina wajibu kwa jamii. Kifungu hicho kimoja kinabeba mada yako nzima.

4. JUNI 1948: FEDHA MPYA NA BEI HURU

Hatua ya kwanza ilichukuliwa na mataifa matatu ya Magharibi. Jumapili ya tarehe 20 Juni 1948 noti mpya, Deutsche Mark, zilianza kutumika katika kanda zao. Kila mtu alipewa mark 40, na baadaye 20 nyingine. Mishahara na kodi za nyumba zilihesabiwa moja kwa moja. Akiba za benki zilikatwa vikali: aliyekuwa na mark 100 za zamani alibaki na mark mpya 6.50 hivi.

Hatua ya pili ilikuwa ya Wajerumani wenyewe. Erhard, mkurugenzi wa uchumi katika kanda za Marekani na Uingereza, aliondoa udhibiti wa bei kwa bidhaa nyingi za viwandani. Hakuondoa kila kitu. Chakula cha msingi, kodi za nyumba, makaa ya mawe na chuma viliendelea kudhibitiwa kwa muda. Hapo utaona wastani ukifanya kazi hata ndani ya mageuzi.

Matokeo yalionekana mara moja. Bidhaa zilizokuwa zimefichwa zilijaa madirishani siku ya Jumatatu, kwa sababu sasa fedha iliyopatikana kwa kuuza ilikuwa na maana.

Umoja wa Kisovieti ulipinga fedha mpya. Tarehe 24 Juni 1948 ulifunga njia za nchi kavu za kuingia Berlin Magharibi, na jiji likalishwa kwa ndege hadi kizuizi kilipoondolewa tarehe 12 Mei 1949. Mwaka huohuo zikazaliwa nchi mbili: Magharibi mwezi Mei na Mashariki mwezi Oktoba.

5. MIEZI YA HATARI, 1948–1950

Wanafunzi wengi huiruka sehemu hii, na kwa kuiruka hupoteza nguvu ya jibu lao. Mageuzi hayakufanikiwa kwa siku moja. Nusu ya pili ya 1948 bei zilipanda kuliko mishahara. Tarehe 12 Novemba 1948 zaidi ya wafanyakazi milioni 9 waligoma wakitaka bei zidhibitiwe tena. Mwanzoni mwa 1950 wasio na kazi walikaribia milioni 2.

Katika uchaguzi wa tarehe 14 Agosti 1949, CDU na ndugu yake CSU walipata asilimia 31.0 na SPD asilimia 29.2. Adenauer alichaguliwa kuwa chansela kwa kura 202, idadi ileile iliyohitajika. Ingepungua moja, asingepita katika duru ile. Kwa hiyo usiandike kwamba Wajerumani walilipenda soko tangu mwanzo. Nusu yao walilitilia shaka, na walikuwa na sababu.

6. WALIOPOTEZA WALIFIDIWAJE?

Soko liliwanufaisha kwanza wenye maduka, viwanda, nyumba na ardhi, kwa kuwa mali zao zilibaki salama wakati akiba za wengine zikiyeyuka. Serikali ingewaacha waliopoteza, wangekuwa kuni kavu kwa mwanasiasa yeyote mwenye kiberiti. Jifunze hatua nne.

(i) Makazi. Sheria ya mwaka 1950 iliwezesha ujenzi wa nyumba nyingi za bei nafuu kwa msaada wa serikali.

(ii) Sauti ya wafanyakazi. Mwaka 1951, baada ya wachimba migodi na wafanyakazi wa viwanda vya chuma kutishia kugoma, Adenauer aliafikiana na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, Hans Böckler. Sheria ikawapa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi za usimamizi za kampuni kubwa za makaa ya mawe na chuma.

(iii) Kusawazisha mizigo. Sheria ya mwaka 1952 iliwatoza wenye mali iliyosalimika nusu ya thamani ya mali hiyo kama ilivyokuwa mwaka 1948. Waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 30, hivyo biashara hazikufa. Fedha hizo ziliwafidia wakimbizi na waliopigwa mabomu.

(iv) Pensheni. Mwaka 1957 pensheni ziliongezwa na kuunganishwa na mishahara. Mishahara ikipanda, mzee naye anapanda.

Sasa tazama ushahidi. Wakimbizi walikuwa na chama chao, kilichopata asilimia 5.9 mwaka 1953. Mwaka 1957 kilishuka hadi 4.6 na kutoka bungeni, kwa kuwa wafuasi wake walikuwa wameanza kupata kazi na nyumba. Wakomunisti walishuka kutoka asilimia 5.7 mwaka 1949 hadi 2.2 mwaka 1953. CDU na CSU walifikia asilimia 50.2 mwaka 1957. Hatimaye, Novemba 1959, SPD nayo iliachana na uchumi wa mpango na kuukubali ushindani wa soko katika mkutano wake wa Godesberg. Pande mbili zilikutana katikati, kila moja ikiwa imeacha kitu njiani.

7. MCHANGO WA NJE

(i) Mpango wa Marshall. Ulitangazwa Juni 1947 na kutoa takriban dola bilioni 13 kwa nchi za Ulaya. Ujerumani Magharibi ilipata takriban bilioni 1.4. Uingereza na Ufaransa zilipata zaidi. Msaada ulileta chakula na malighafi, na fedha zilizotokana na mauzo yake zilikopeshwa viwandani.

(ii) Vita vya Korea, vilivyoanza Juni 1950, viliongeza mahitaji ya mashine na vyuma duniani. Ujerumani ilikuwa na mitambo na mafundi wa kuvitengeneza.

(iii) Mkataba wa London wa tarehe 27 Februari 1953 ulipunguza madeni ya nje kwa takriban nusu na kurefusha muda wa kulipa.

(iv) Ushirikiano wa Ulaya. Mwaka 1951 Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg ziliunda jumuiya ya makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1957 zikatia saini Mkataba wa Roma.

8. UPANDE WA PILI

Swali likisema "tathmini", usisifu tu. Taja gharama hizi.

Wenye akiba ndogo, hasa wazee, walipoteza karibu zote mwaka 1948, na fidia ilichelewa. Pili, watumishi wengi wa serikali ya Hitler walirudishwa kazini kwa sheria ya mwaka 1951. Hans Globke, aliyeshiriki kuandika ufafanuzi wa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi za mwaka 1935, aliongoza ofisi ya Adenauer kuanzia 1953. Utulivu ulinunuliwa kwa ukimya, na waathirika ndio waliolipa bei yake. Tatu, chama cha kikomunisti kilipigwa marufuku mwaka 1956, na wapo wanaouliza kama demokrasia inalindwa kwa kufunga chama. Nne, fedha mpya iliharakisha mgawanyiko wa nchi.

Linganisha pia na Mashariki. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi wa huko waliandamana baada ya kuongezewa viwango vya kazi, na vifaru vya Kisovieti viliwazima. Zaidi ya watu milioni 2.5 walihamia Magharibi kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa Agosti 1961. Mgomo wa 1948 Magharibi uliishia kwenye mazungumzo na uchaguzi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kisiasa kati ya pande hizo.

9. NAMNA YA KUJIBU

Swali: "Mpango wa Marshall ndio uliofufua Ujerumani Magharibi." Jadili.

Jibu dhaifu: "Marekani iliipa Ujerumani fedha nyingi, ikajenga viwanda na watu wakapata kazi. Bila Marekani isingeendelea."

Kosa ni nini? Hakuna tarehe, hakuna kiasi, hakuna ulinganisho, na neno "jadili" limepuuzwa.

Jibu bora: "Mpango wa Marshall ulisaidia, kwa kuwa ulileta malighafi na mikopo wakati Ujerumani haikuwa na fedha za kigeni. Hata hivyo, Uingereza ilipata zaidi ya takriban dola bilioni 1.4 zilizopewa Ujerumani Magharibi, lakini haikukua kwa kasi ile. Msaada ulizaa matunda kwa sababu fedha mpya na bei huru za Juni 1948 zilirudisha bidhaa sokoni, na kwa sababu sheria kama ile ya kusawazisha mizigo ya 1952 ziliwafanya waliopoteza waendelee kuivumilia demokrasia."

Angalia muundo wake: inakubali, inapinga kwa ushahidi, kisha inaonyesha jinsi sababu zinavyoshikana. Sababu za kihistoria ni kama mafiga, chungu hakikai juu ya moja.

Epuka makosa haya:
• Kusema Erhard ndiye aliyetoa fedha mpya. Fedha ililetwa na mataifa matatu, yeye aliachia bei.
• Kusema bei zote ziliachiwa siku moja.
• Kuchanganya Adenauer, chansela kuanzia 1949 hadi 1963, na Erhard, aliyekuwa waziri wake wa uchumi na kumrithi.
• Kulinganisha kiholela na mageuzi ya uchumi ya Tanzania ya mwaka 1986. Ukilinganisha, taja tofauti: Ujerumani ilikuwa nchi ya viwanda na ilisamehewa nusu ya madeni mapema.

10. MASWALI YA MAJARIBIO

1. Eleza kwa nini bidhaa zilitoweka madukani Ujerumani kati ya 1945 na 1948.
2. Taja tofauti tatu kati ya soko holela na uchumi wa soko unaojali jamii.
3. Kwa kutumia hoja sita, eleza sababu za kufufuka kwa uchumi wa Ujerumani Magharibi.
4. "Soko bila haki huzaa hasira, na haki bila uzalishaji hugawa umaskini." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa Ujerumani Magharibi, 1948–1957.
5. Je, utulivu wa kisiasa ulihalalisha kuwarudisha kazini watumishi wa utawala wa Hitler? Toa hoja za pande zote mbili, kisha msimamo wako.

Anza na swali la 5 hata kama hulipendi. Halina jibu la kukariri, na hilo ndilo litakalokupima kama umeielewa sura hii au umeihifadhi tu.